Kaka, Baiskeli Haina Kutu

Mtaa wa Mafundi,
Nyumba ya pembeni, ghorofa ya tatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu zangu zikukute umevaa sweta. Nimeanza na sweta kwa sababu Mama amesimama nyuma ya kiti changu na hilo ndilo neno la kwanza alilotaka liandikwe. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Sauti yako kwenye simu safari iliyopita ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo, na Mama tangu siku hiyo hajatulia. Tuambie ukweli, usituambie "niko poa tu". Unakula? Unalala? Yule mwenzako wa chumbani bado anakoroma, au sasa na wewe umejifunza mnakoroma wote?

Sisi huku wazima. Mpwa wako Kibonge anaota meno ya juu, kwa hiyo nyumba nzima inaota meno. Silali, nasinzia vipande vipande kama vitambaa vinavyobaki chini ya meza yangu ya kushonea. Sasa hivi amelala mapajani kwangu na ninaandika kwa mkono mmoja, ukiona mstari umepanda juu kama ngazi ujue nimepigwa teke. Shemeji yako bado yuko kiwanda cha barafu, zamu ya usiku. Anarudi asubuhi na vidole vya baridi, anavipasha kwenye kikombe cha chai kabla hajamgusa mtoto. Mama tangu nijifungue yuko hapa hapa kwetu, na asante Mungu yuko, ingawa ameshapanga upya kabati langu la vyombo na sijui tena kijiko kiko wapi.

Basi Kaka, salamu zimetosha, nina neno na wewe.

Ulimpigia Mama ukasema binamu yetu aje Jumapili ijayo aichukue ile baiskeli yako, kwa kuwa inaota kutu bure ukutani. Mama alinifikishia maneno yako nikiwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu, na ikawa heri sikujibu. Sasa pini nimetoa. Kaka, baiskeli haina kutu. Nenda popote utakapo ulete mtu na miwani yake aikague kuanzia usukani mpaka cheni, hataona kutu. Baiskeli isiyotumika ndiyo inayoota kutu, na hii haijakaa ukutani wiki nzima tangu mvua ziishe.

Najua sasa umekunja uso. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Siku moja mtoto alilia tangu asubuhi mpaka nikaanza kulia na mimi, tukawa tunapokezana. Shemeji yako akaamka, akanichukulia mtoto, akasema, "Toka nje kidogo, mama, ukapate hewa." Nitoke niende wapi? Nilikuwa sina pa kwenda. Nikaiona baiskeli pale kwenye korido, imetundikwa ukutani juu ya beseni la nepi, matairi yamelegea. Nikakumbuka uliniambia niitunze. Nikaishusha, nikashuka nayo ngazi zote tatu nikigonga kila mlango, nikaipeleka kwa fundi wa baiskeli ijazwe upepo. Kwenda niliisukuma. Kurudi nikaipanda. Na sikurudi kwa njia ile ya mkato, nilirudi kwa njia ya mferejini, na nilipofika nyumbani shemeji yako akaniuliza mbona nimekawia, nikamwambia upepo ulikuwa mgumu kuingia.

Fundi huyo unamjua, yule mwembamba wanayemwita Spoku. Siku ile aliniangalia nikipanda akacheka, akasema miguu yangu inazunguka vizuri kuliko ya vijana wake. Nikamwambia nina miaka kwenye cherehani ya kukanyaga. Tofauti ni kwamba cherehani unakanyaga kutwa nzima na jioni unajikuta palepale kwenye kiti.

Akaniambia nije Jumamosi na wenzake. Basi ndiyo mambo yenyewe, Kaka. Kila Jumamosi asubuhi, shemeji yako akishapata chai yake na Kibonge akishanyonya, mimi natoka na ule msafara. Kuna Spoku, kuna dereva mmoja wa gari la taka wanamwita Kabati kwa ajili ya mgongo wake, kuna wengine wanaokuja na kukosa, na yuko binamu. Ndiyo, huyo huyo binamu. Yeye ana ile baiskeli yake nzito ya kubebea mizigo, anaikanyaga mpaka inalia, na tangu wiki uliyompa ahadi kazi yake ni kunitazama mimi na hiyo ya kwako kama mtu anayetazama suruali yake imevaliwa na mwingine.

"Taratibu na breki," ananiambia. "Mali ya watu hiyo."

"Watu gani? Wewe bado hujawa watu," namjibu.

Utani tu, lakini kila akisema mali ya watu, moyo wangu unashtuka.

Mama mwanzoni alikuwa hataki. Si kwamba aligomba, unamjua, alikuwa anakunja nepi kwa nguvu. Siku moja akaniuliza, "Mtu mzima, una mtoto, unakwenda kutafuta nini huko?" Nikamwambia, "Sijui, Mama. Nikikipata nitakuletea." Sharti lake likawa moja: mtoto asililie ziwa nikiwa barabarani. Na mimi sharti hilo sijalivunja. Saa sihitaji, kifua chenyewe kinaniambia. Kikianza kujaa najua muda wa kugeuza umefika, hata kama wenzangu wanaendelea.

Kwa ajili hiyo nilikuwa sijawahi kufika mwisho wa njia. Wewe ulifika, unapajua: tuta linanyooka, mfereji upande huu, upande ule majani na ng'ombe na mabwawa ya chumvi, mpaka pale kwenye malango ya maji ambapo mfereji unakutana na bahari. Hawa wa msafara wana desturi yao. Ambaye hajawahi kugusa chuma cha lile lango kwa mkono wake anaitwa Maji Matamu. Akishaligusa anakuwa Maji Chumvi. Mimi nimekuwa Matamu miezi yote hiyo. "Matamu, songa kushoto." "Matamu, usile ndizi zote." Mpaka Kabati, mtu mpole, na yeye alikuwa ananiita Matamu.

Jana, Kaka, nilifika. Nitakueleza na usinikatize.

Niliamka kabla ya Kibonge, nikakamua maziwa nikamwachia Mama kikombe kizima, ili nipate nafasi ya kwenda mbali. Mama akakifunika na sahani, akasema tu, "Haya." Tukatoka mjini mapema, maduka bado yanafagiliwa. Pale kwenye daraja la mwisho mji unakatika, na mbele yako hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna kitu chochote kilichosimama isipokuwa ndege weupe wenye miguu mirefu. Watu wanafikiri nchi tambarare ni rahisi kwa sababu haina mlima. Wewe unajua. Upepo wa baharini unakuja umenyooka hauna pa kujigonga, unakukalia kifuani, na mlima una kilele lakini huo hauna.

Kwa hiyo tunakwenda mstari mmoja, tairi la huyu nyuma ya tairi la yule, wa mbele anawakinga wengine. Akichoka anapunga kiwiko, anatoka pembeni, anarudi mkiani, anayefuata anashika zamu. Ukiwa nyuma ya Kabati unaweza hata kupiga miayo. Ila ukiwa mbele una sheria mbili ambazo Spoku alinipigia kelele mpaka zikaniingia. Kwanza, ukigeuka kutazama nyuma baiskeli inayumba, na wewe ukiyumba mstari mzima unaanguka, kwa hiyo hugeuki. Pili, tukifika mahali tuta linapokata kona na upepo unabadilika, mtu anapaza sauti, "Upepo!" Hapo unainama, unashika usukani chini, unakanyaga, wala huulizi.

Sasa sikiliza. Tulikuwa tumeshapita nyumba ya pampu, tumeanza lile tuta refu la mwisho. Kabati akapunga kiwiko, akatoka. Zamu yangu. Mara nikasikia sauti ya binamu kutoka mkiani kabisa, "Upepo!"

Nikainama.

Kumbe mwenzangu anasema tairi lake. Linavuja. Alisema, "Upepo unaisha!" na lile neno la pili likaliwa na upepo wenyewe njiani, mimi nikafikiwa na nusu. Wao wakasikia yote mawili, wakasimama. Mimi, Kaka, niliondoka.

Niliondoka kwelikweli. Kichwa chini, viwiko ndani, macho kwenye tairi la mbele na kipande kidogo cha barabara. Nilikanyaga mpaka pumzi ikaanza kupiga filimbi. Nikaona zamu yangu imetosha, nikapunga kiwiko. Hakuna aliyepita. Nikapunga tena. Kimya. Nikasema moyoni, aha, wameamua kunijaribu. Wananiacha hapa mbele Matamu niombe msaada, halafu wacheke mpaka mwaka kesho. Hasira ikanipanda. Nikasema sipungi tena kiwiko hata mkono ukatike. Wakae huko nyuma wakistarehe kwenye kivuli changu, nitawakinga mpaka baharini, na tukifika nitawaambia mnaonaje.

Pembeni kwenye mfereji likatokea tishari la mchanga linakuja taratibu, na mwanamume amekaa juu ya mchanga anamenya yai. Akaniona, akasimama, akaweka mikono mdomoni akapiga kelele kitu. Nikasikia, "Peleka!" Nikampungia, nikapeleka. Wakati wa kurudi tulimkuta amefunga kamba, akaniambia alikuwa anasema, "Uko peke yako!"

Sikujua. Kaka, sijui nikuelezeje hapo katikati. Kulikuwa na wakati miguu iliacha kuuma. Haikuacha kuuma, nilisahau kuisikiliza. Kushoto maji, kulia maji, na mimi kati yake kama sindano inayopita kwenye nguo. Wewe ulikuwa na neno lako ulipokuwa unanibeba mbele kwenye baiskeli ya baba nikiwa mdogo, ulikuwa unaniambia nifungue mdomo, kisha unasema, "Kata!" tukate upepo. Nilifungua mdomo. Nikameza mdudu, lakini nilikata.

Malango yakaja. Chuma kikubwa cheusi, na mama mmoja anayeyatunza anafagia magamba ya konokono kwenye ngazi. Nikafunga breki, nikashuka, miguu ikawa kama ya Kibonge anapojaribu kusimama. Yule mama akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Wenzako wako wapi?"

"Hawa hapa," nikasema, na hapo ndipo nikageuka kwa mara ya kwanza.

Tuta tupu. Limenyooka mpaka linapogusana na mbingu, hakuna mtu, hakuna hata ng'ombe. Nilisimama na mkono umenyooka kuwaonyesha watu ambao hawapo.

Yule mama akaegemea ufagio wake. "Mbona siwaoni?"

Nikaanza kucheka, Kaka. Nikacheka mpaka nikakaa chini, na kucheka kwenyewe kukageuka, machozi yakaja. Si ya huzuni, usimwambie Mama. Ni kwamba tangu mtoto azaliwe sijawahi kuwa peke yangu hata chooni. Kuna mkono, kuna mdomo, kuna mteja, kuna Mama anauliza sufuria. Na huko nyuma kote, mahali pagumu kuliko pote, nilikuwa peke yangu na nilikuwa sijui, nikidhani nawakinga watu. Na nilifika. Nikanyanyuka nikaweka kiganja kwenye chuma. Kina baridi, na kina chumvi imekauka juu yake kama unga.

Wenzangu walikuja baadaye sana, nimeshashiba maji ya yule mama na habari zote za binti yake. Binamu alikuwa wa mwisho, mikono myeusi.

"Wewe," akasema hata hajashuka, "nilikwambia upepo, ukakimbia."

"Ulisema upepo, nikajua upepo."

"Upepo wa tairi!"

"Tairi linaitwa tairi. Likitoboka inaitwa pancha. Ungesema pancha ningesimama."

"Lilikuwa halijatoboka, lilikuwa linavuja!"

Kabati alicheka mpaka akashika ukuta. Spoku hakucheka. Alikuwa anatazama baiskeli, kisha ananitazama mimi. Akauliza, "Umelivuta lile tuta lote mwenyewe, na kiti kikiwa juu namna hiyo?" Maana, Kaka, wewe ni mrefu kama mlingoti na mimi unanijua. Lile bomba linaloshikilia kiti Spoku ameshalishusha mpaka mwisho wake, halishuki tena, na bado natafuta pedali kwa ncha ya dole gumba, kiuno kinakwenda huku na huku. Nikirudi nyumbani sikai vizuri siku mbili. Spoku alishasema zamani dawa ni moja, kulikata bomba kwa chini, urefu wa kidole kimoja tu, lishuke. Akachora alama ya chaki. Mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu si langu.

Jana akasema tena, mbele ya wote, "Hili likatwe. Chumvi hawezi kuendelea kupanda hivi." Ameniita Chumvi, umesikia? Binamu ni mrefu kama wewe. Bomba likikatwa halitapanda tena kumtosha, hiyo baiskeli haimfai.

Nikamtazama binamu. Akachezea kengele yake kidogo. Kisha akasema, "Kaka alinipa mimi." Na ni kweli, ulimpa. Akachezea tena kengele. "Mwandikie," akasema. "Akisema kata, bomba nitalishika mimi mwenyewe fundi apige msumeno. Lakini mwandikie leo au kesho, maana mimi Jumapili ijayo nakuja na kamba kuichukua."

Kurudi upepo ulikuwa mgongoni. Hatukukanyaga, tulisindikizwa. Nilikuwa nimeanza kujaa, blauzi imelowa, sikujali, nilikuwa naimba.

Nyumbani Mama alikuwa amesimama mlangoni na Kibonge begani. Kikombe cha maziwa hakijaguswa, mtoto aliyekesha na meno alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Nikamchukua vilevile na jasho langu. Kabla hajatafuta ziwa, akanilamba shingo. Akakunja uso wote, akafikiri, akalamba tena.

Mama akaniuliza, "Haya, umekipata?"

"Nimekipata, Mama."

"Kiko wapi?"

"Mjukuu wako anakilamba."

Akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi. Leo asubuhi nimemkuta kwenye korido, amehamisha beseni la nepi kulipeleka bafuni, na amefuta cheni kwa kitambaa changu kizuri cha mashati. Nikamuuliza, akasema, "Nimeona vumbi." Halafu akaniambia nikuandikie na kwamba sweta itangulie.

Basi Kaka, ombi langu ndilo hili, na nalisema kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Baiskeli ni yako. Ukisema apewe binamu, atapewa, sitanuna, nitampikia na chai. Ila mimi mikono yangu haitaishusha ukutani. Njoo uishushe wewe, mbele yangu, huku unanitazama. Tumekukosa vya kutosha, itakuwa sababu nzuri ya kuja. Usipoweza kuja, basi usimtume mtu mwingine kuja kuninyang'anya kwa niaba yako.

Na kama ni binamu unamwonea huruma na lile gogo lake, Spoku anasema kuna fremu ya mtu mrefu iko stoo yake, inahitaji magurudumu tu. Kabati na mimi tutasaidiana naye kuitengeneza. Nimeshamshonea mto wa kiti.

Nisalimie mwenzako anayekoroma. Shemeji yako anakusalimu kwa usingizini. Binamu anakusalimu, amesema nisisahau kuandika kwamba yeye ni mrefu. Mama anakusalimu na amenitaka niandike sweta mara ya pili. Kibonge hajui kusalimu lakini ameinyonya kona ya karatasi hii, utaiona, hiyo ndiyo saini yake. Mungu akufunike huko uliko, akuondolee hicho kikohozi, na akurudishe mlangoni kwetu ukiwa na miguu yako miwili mirefu.

Najua wewe si mtu wa barua. Usinijibu kurasa. Nitumie neno moja tu kwenye simu, lile lile ulilokuwa unaniambia nikiwa mbele yako nimefungua mdomo.

Kata.

Wako akupendaye bila kuchoka, ingawa amechoka,
Mdogo wako, Mama Kibonge
(Maji Chumvi)